Upepo wa Matairi ya Baba

Penina ndugu yangu, nimetoka kanisani sasa hivi na hasira zangu.

Karugendo, mtoto wa Mutembei mwenyekiti wa zamani, kasoma historia ya kijiji mbele ya watu wote. Eti mwaka 1975 Landrova ya kijiji ilipinduka kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Dereva ni Baba. Amelewa. Baba, mlokole ambaye hata rubisi, pombe ya ndizi ya harusini, hajawahi kuonja.

Unajua ilivyokuwa. Asubuhi ile Baba alijaza upepo matairi ya nyuma mpaka yakawa magumu, maana alikuwa anavuta tela la kahawa kutoka Muleba kwenda Bukoba. Mutembei, aliyekuwa anampeleka mgeni Bukoba kwa gari hilo hilo, akayapiga teke. "Mgeni wetu atavunjika mgongo humu. Punguza."

Baba akasema, "Mwenyekiti, tela litatuyumbisha."

"Mwenyekiti ni nani, mimi au wewe?" Akainama, akatoa upepo mwenyewe kwa njiti ya kiberiti.

Kwa njiti ya kiberiti, Penina. Kwenye mteremko wa Muhutwe gari likaanza kucheza nyuma, tela likawavuta wote migombani. Aliyefukuzwa kazi ni Baba.

Leo Baba amesikiliza yote mpaka mwisho. Tunatoka nje, Karugendo anaondoka na pikapu, kafunga tela la viti na maturubai. Baba, na miaka yake themanini na mbili, akainama akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba.

"Mwanangu, ongeza upepo kabla hujafika mteremkoni. Unavuta tela."

Mimi ningemwacha aende.