Mnofu wa Changu

Alhamisi, Gede

Tena leo! Daktari alisema wazi kwamba Mama anaisha mapaja kwa kuwa hali samaki wala mayai, ni sima na mchuzi tu, na sukari yake haitulii.

Mchana nikampakulia mnofu mzima wa samaki changu. Nilipogeuka kuchukua maji, tayari ameuhamishia kwenye sahani ya kaka yangu, naye anatafuna bila hata kuinua macho.

"Mama, huo ni wako!"

"Kitoweo ni cha wanaume, mwanangu. Mie mchuzi wanitosha."

Baada ya kula, kusimama akashindwa. Tukamwinua mimi na kaka.

Nimelia jikoni. Kisha nikaiona sahani yangu. Minofu yote iliyobaki nimempa mume wangu, mimi nimejiwekea kichwa na mchuzi. Wala hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.