Ulisema Karani Anakula Makombo

Nyumba ya kona, nyuma ya duka la vitambaa,
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, kwa kuwa mama alitulea tusalimu hata tukiwa na jambo kooni. Hujambo? Kifua kimepona, au bado baridi ya huko inakusumbua? Sisi hapa wazima. Mama magoti yanamuuma asubuhi, yakipata jua yanatulia. Shemeji yako amerudi salama na lori lake, kitambi kimeongezeka. Mimi mwili mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ugonjwa wenyewe umeuleta wewe.

Uliponiachia mbwa wako Karani ulisema ni kwa miezi michache tu, mpaka upate makao. Huu ni mwaka wa tatu. Sijakuuliza lini utamchukua, maana tulishazoeana. Jina ulimpa kwa sababu ya kukagua kila anayeingia, na mpaka leo hapiti mtu getini bila kunuswa viatu.

Tumbo lilipoanza kumsumbua mwaka jana, daktari wa mifugo alisema tuache kumpa chakula cha mezani, apikiwe chake. Basi nikizima cherehani, kabla sijaosha mchele wetu naosha wake. Namchemshia maini ya kuku na nyama ya kusaga kidogo, boga, karoti nimeikwaruza, wali uive mpaka ulegee. Kitunguu marufuku, chumvi marufuku, mafuta marufuku. Kisha naacha kipoe na kutia kidole mpaka chini, maana yule ana pupa na aliwahi kuungua ulimi. Kuna siku shemeji yako alipakua sufuria isiyo yake, akamaliza nusu sahani ndipo akauliza kama chumvi imeadimika madukani. Tulicheka mpaka mama akapaliwa. Picha za sahani nilikuwa nakutumia, nawe ukinijibu kwa vimoyo vyekundu.

Sasa jana. Niko jikoni naponda boga, akabisha hodi rafiki yako mwenye ghala, yule ambaye kaka yake ndiye aliyekupa chumba huko. Mkononi ana mnyororo mpya, begani gunia la chakula kikavu cha mbwa. Mtu mpole, sikatai. Akaniambia umempa Karani akalinde ghala, na amekuja kumchukua. Tena nisione vibaya, anajua maisha ni magumu, kwani umemweleza kuwa mbwa anaishi kwa makombo, na siku nyingine hata hayo makombo hayapo.

Nilidhani amekosea nyumba. Nikampakulia Karani mbele yake, nikamfunulia na sufuria. Akatazama, akanusa, akanitazama mimi. Aibu ikamshika. Akakupigia simu palepale na kuweka spika ili tuelewane sote, lakini hukumpa hata nafasi ya kusema kwamba nipo.

“Umeshamchukua? Mchukue tu, bwana. Dada hana habari na yule mbwa, anamtupia mabaki. Hata akiondoka hatajua.”

Mdogo wangu, nilikuwa na mwiko mkononi. Umeniumiza. Kama ulitaka kumpa mbwa kwa kuwa unalala kwa kaka yake, ungeniambia. Ningelia, kisha ningekuelewa, fadhila za watu zinalemea. Lakini kulipa fadhila kwa kunipaka matope mimi! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami fundi cherehani nimekagua mapindo ya mtaa mzima nikasahau ya kwangu.

Na hilo silo lililoniliza. Karani alikuwa ameshaanza kula. Aliposikia sauti yako aliacha sahani, akaizunguka ile simu, akanusa mkono wa yule bwana, akalia ule mlio wake mwembamba wa furaha. Kisha akatoka mbio mpaka getini, akasimama anangoja uingie. Na wewe huku unasema hata akiondoka sitajua. Nilikuonea wivu, sikufichi. Hata mbwa mwenyewe nilimkasirikia. Mwaka mzima naponda boga, kumbe anayengojwa ni wewe.

Mwenye ghala alikata simu. Akaukunja mnyororo, akautia mfukoni, akasema mbwa katika hali ile hamchukui, tuzungumze kwanza sisi wenyewe. Gunia aliliacha. Karani hakurudi kwenye sahani. Alilala palepale getini, na mpaka ninapoandika bado yupo, kila gari likipunguza mwendo anainuka. Nimempikia upya leo, nikampelekea hukohuko. Amenilamba mkono tu.

Mama sijamwambia. Anadhani Karani anaumwa, na anadhani wewe ni mwanawe mwema kama zamani. Hilo utamwambia kwa kinywa chako.

Wasalimie wenyeji wako, hasa huyo kaka wa mwenye ghala, umweleze ukweli wa sahani ya Karani. Shemeji yako anakusalimu, ingawa salamu nimemlazimisha. Mama anakuombea kila akilala na akiamka. Mungu akujalie afya na akupe paa lako mwenyewe, usiwe tena na haja ya kulipia malazi kwa jina la dada yako.

Nijibu kama unakuja kumchukua mwenyewe, au nimhesabu wangu. Ila niandikie, usipige simu. Naogopa atasikia sauti yako.

Dada yako akupendaye, ingawa leo kwa shida.