Jumanne ya Mama

Jumapili, 8 Juni
Pentekoste. Nimeimba kwaya na mgongo bado unauma kwa kuchuma majani ya chai jana. Baada ya misa mwenyekiti wa kanisa akaniita kando. Misa ya mama, ya mwaka mmoja tangu tumzike, imeondolewa Jumamosi hii, tarehe 14. Kuna harusi ya mtoto wa mheshimiwa. Tumepewa Jumanne, tarehe 17.
"Hiyo Jumanne ni feria, Chepkoech. Siku tupu, haina mtakatifu."
Siku tupu. Nikaenda zangu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimempigia kaka yangu Kiprono, Kericho, apiganie Jumamosi. Ati tusigombane na wakubwa. Na Jumanne ako kazini, hatakuja. Nimemkatia simu. Mwoga.

Jumatano, 11 Juni
Kwa padri. Sikukaa. Nikamwambia kama feria ni takataka, aseme. Akaeleza taratibu. Ni neno la Kilatini. Kwa Warumi wa kale lilimaanisha siku ya mapumziko na sherehe, watu wanaacha kazi, hata kesi hazisikizwi. Kanisa likalichukua, likaita siku za wiki hivyo, kwa sababu kila siku ni ya Mungu. Siku hizi ni siku ya wiki isiyo na sikukuu wala mtakatifu.
"Si siku tupu, mama. Mwenyekiti amekosea."
"Basi turudishie Jumamosi."
Akatazama chini. Harusi imeshatangazwa.
Kumbe anajua yote hayo na bado anaogopa. Huyu amenikasirisha kuliko wote.

Jumamosi, 14 Juni
Magari ya harusi yamepita tangu asubuhi yakitoka Litein. Honi. Honi. Mimi niko ndani ya chai. Nimechuma ovyo, karani wa kituo cha kupimia chai akakataa majani. Nikamtukana. Hana makosa.
Jirani yangu Mama Kimutai akauliza kama Jumanne iko. Nikamwambia asijisumbue, ni siku ya kuchuma.
"Majani yatangoja. Mama yako ndiye alinizalisha Kimutai."
Nimelia njiani. Kwa hasira.

Jumanne, 17 Juni
Padri alivaa kijani, rangi ya siku za kawaida. Alitaja jina la mama vizuri, bila kukimbia. Mwenyekiti hakuja. Mama Kimutai alikuja na majirani wote wa upande wetu wa mto, wengine na gambuti za shambani miguuni. Hakuna aliyechuma. Tulirudi kwangu, tukanywa chai na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, tukamkumbuka mama na kicheko chake. Hakuna aliyeharakisha kwenda.
Kiprono amepiga jioni. Sikushika.
Mvua inanyesha. Nimeosha vikombe.