Nilifuta Jina Lako, Nikaacha Kazi Yako

Mpendwa dada yangu,

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mama ananiambia umehamia Naivasha, unatafuta pa kuanzia upya. Nilipopita Kariandusi wiki jana nilikuta kibanda chako kimefungwa, na mtu wa bodaboda amekaa mlangoni. Akaniuliza, "Mathe, fundi alienda wapi? Huyu mwingine anatuharibia tu kabureta."

Unakumbuka siku niliyokuja kukuhoji? Utafiti wangu ulihusu wajane na namna wanavyoomboleza. Ulikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, ukataka tuongee huku ukifungua injini. Wajane wengine wote niliwasomea fomu ya idhini polepole, sentensi kwa sentensi: kwamba majibu yao yatawekwa mtandaoni, watafiti wa popote wayasome na kukagua kama nimesema kweli. Kwako niliona aibu kusoma kama karani. Nawe ukacheka, "Si ni wewe unaandika? Leta niweke sahihi, hayo mengine utanieleza siku ingine." Siku hiyo nyingine sikuileta.

Kisha ukaniambia mambo ya ndoa yako. Ukasema mumeo alipozikwa ulilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu uolewe. Hata Mama hukuwahi kumwambia hayo.

Naamini sayansi ya wazi, dada, mpaka leo. Sisi watu wa saikolojia tumezoea kufungia data kabatini halafu tunataka tuaminiwe tu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wenzangu Nakuru nikiwahubiria waache tabia hiyo. Kwa hiyo nilifuta jina lako, nikafuta la kijiji, nikayapandisha mahojiano yote mtandaoni, roho yangu nyeupe kabisa. Nikaacha "fundi wa pikipiki", maana niliona inaeleza vizuri maisha yako. Sasa niambie, wanawake wangapi upande ule wanatengeneza pikipiki? Ni wewe tu. Mtafiti wa ng'ambo asingekujua. Mpwa wa marehemu, aliyekuwa akitafuta data za mradi wake wa chuo, alikujua kabla hajamaliza ukurasa.

Akamsomea nyanya yake. Naambiwa mama mkwe wako alikuja hadi kibandani, akakuuliza mbele ya wateja, "Kumbe ulikuwa unangoja tu kijana yangu akufe?" Ukafunga siku hiyohiyo, spana zingine ukaziacha chini.

Mahojiano yako nimeyaondoa. Waliokwisha kuyapakua siwezi kuwanyang'anya. Wenzangu wananifariji kwamba ni kosa dogo la kiufundi, ningeandika "mfanyabiashara" yangeisha. Nawaitikia kwa adabu, lakini moyo unanisuta, kwa sababu najua kosa lilianza mapema zaidi. Ulipomaliza kunieleza siku ile ulianza kulia. Sikuwa nimekuona ukilia tangu tulipokuwa wadogo. Na mimi, kabla ya kukushika mkono, nilitazama simu kuona kama bado inarekodi.

Ukae salama huko, hata usiponijibu.

Mdogo wako