Kwako Uliyekuwa Ukinitazama Kutoka Jiweni

Mpendwa Baba Sabina,

Kiangazi kimeingia, na wageni wameanza tena kupanda huku kwetu Igogo wakihema. Wakifika juu wanashika viuno, wanalitazama ziwa, wanasema maneno yale yale: "Jamani, nyinyi mnakaa peponi!" Wewe ulikuwa unawajibu, "Karibuni, ila pepo yenyewe haina maji ya bomba." Nami nacheka, ndoo ikiwa bado kichwani. Siku hizi hakuna wa kuwajibu. Nawatolea kigoda, wanasifia mawe, wanasifia visiwa, na mimi nasubiri waondoke.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe lako. Najua ungenishangaa, maana kwa miaka mingi hapa palikuwa pako peke yako.

Ila mwanzoni palikuwa petu sote wawili, unakumbuka? Ulikuwa bado kiwandani, kwenye mashine za kufuma vitambaa, na Jumapili baada ya ibada tulipanda hapa na machungwa aliyotuletea dada kutoka Ukerewe. Ulimenya kwa kisu chako kidogo, ganda moja refu lisilokatika, huku ukinionyesha mji kwa kidole. Pale bandari, kule bomba la kiwanda, hapa chini mwalo, mitumbwi ya dagaa inapotia nanga. Ulijisifu kwamba mtoto aliyechunga ng'ombe Magu hapotezi mnyama wake hata akiwa upande wa pili wa mbuga. Nilikusukuma bega nikakuambia, "Mimi si ng'ombe." Ukacheka mpaka chungwa likakudondoka, likabiringika kwenda kwa majirani. Nilikupenda sana siku ile. Nataka hilo ulijue kabla sijaendelea.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, na wewe ukawa mmoja wao. Wenzako walilia wiki mbili tatu, halafu wakashuka mjini. Mmoja akafungua marobota ya mitumba, mwingine akanunua televisheni na deki akaanza kuonyesha video. Wewe hukushuka. "Nikikutana nao nitasema nini?" uliniuliza, kana kwamba kuna aliyekuwa na la kusema. Ukahamia kwenye jiwe. Asubuhi ulipanda na chai, mchana nilikuachia ugali uliofunikwa, jioni nilikukuta pale pale.

Mtu mmoja ilibidi ashuke, nikashuka mimi. Nikajifunza dagaa: kuwapokea alfajiri mitumbwi ikirudi, kuwamwaga juu ya mawe, kuwageuza jua likipanda, kuwafukuza kunguru. Ndipo ulipomtuma Sabina akaniletee kitambaa chekundu cha kichwani. Ulinifunga wewe mwenyewe, ukarudi nyuma hatua moja ukanitazama. "Vaa hiki kila siku," ulisema, "nikuone."

Na kweli uliniona. Nilikuwa nikiinua macho nakupungia, nawe unanipungia. Nyamizi, rafiki yangu wa pale mwaloni, alinionea wivu waziwazi. "Wa kwangu hajui hata ninauza nini," alisema. Jioni ulinisimulia siku yangu nikiwa nimenyoosha miguu kwenye ngazi ya mlango: leo ulichelewa kugeuza, leo mwenye kanga ya njano alikuchekesha. Nilikuwa mwanamke mchovu anayenuka samaki, na kulikuwa na mtu aliyeiona siku yangu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Sikujua kwamba kitu kitamu hivyo kinaweza kugeuka.

Kiligeuka polepole. "Yule mwenye baiskeli alikuwa anasema nini muda wote ule?" Alikuwa mnunuzi, Baba Sabina, alikuwa anasema bei. "Mbona mchana ulipotea?" Nilikwenda chooni! Siku niliyosahau kitambaa nilikukuta umekaa gizani, hujagusa chakula. Ulisema, "Leo nimekukosa. Usinifanyie tena." Nikaacha kukaa na Nyamizi kunywa soda. Nikaacha kuoga ziwani na wenzangu jua likizama. Nikawa sijikuni pua bila kuinua macho kwanza kutazama jiwe. Hukunipiga wala kunitukana. Ungefanya hivyo ningekuwa na la kwenda kulalamika kwa wazee. Nani angenisikiliza nikisema, "Mume wangu ananitazama"? Na pale nilipokuwa nateseka, kila anayepita aliniambia nina bahati, nafanya kazi mbele ya ziwa zuri kama lile.

Sasa nakuambia jambo ambalo hukuwahi kulijua.

Kilikuwa kiangazi, Sabina akiwa tayari chuoni. Dada aliniletea ujumbe kwamba ana kiwanja chenye michungwa kisiwani Ukerewe, na anahitaji mtu wa kushirikiana naye. Mtu huyo alimaanisha mimi. Nilikuomba. Ulijibu, "Kule nitakuonaje?" na ukageukia ziwa, mazungumzo yakaishia hapo. Basi asubuhi moja nilishuka kama kawaida, nikamwachia Nyamizi dagaa wangu, nikachukua mfuko niliouficha kwake, nikaenda bandarini. Kitambaa nilikuwa nimekivaa. Nilijiambia nikikivua utashtuka. Acha unione ninapokwenda, uone mwenyewe kwamba siogopi.

Nilifika mpaka kwenye ngazi ya meli. Watu walikuwa wananisukuma na makuku yao na magodoro yao. Meli ikapiga honi, nami nikageuka nikatazama juu.

Ulikuwa umesimama kwenye jiwe. Mkono wako ulikuwa juu, umenyooka, haupungi. Nilihisi unanishika kwenye kola ya gauni. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Dada, unapanda au hupandi?" Nikatoka kwenye foleni.

Jioni nilipanda mlima nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Ulinisogezea kigoda. Ukasema, taratibu, "Leo ulikuwa na kazi nyingi, mama. Ulianika dagaa tangu asubuhi, hukupumzika hata kidogo."

Niliingia ndani kupika, nikalia, machozi yakadondokea unga wa ugali. Niliamini umeniona, na umeamua kunisamehe bila kuniaibisha. Tangu siku ile sikuomba tena kwenda Ukerewe. Ningeombaje? Mtu aliyekutendea wema mkubwa kiasi hicho unamwachaje? Kabla ya siku ile nilifungwa na macho yako. Baada yake nilifungwa na huruma yako, na hiyo haikuniachia hata pa kuinung'unikia.

Yalikuwapo mambo ya kunifumbua, ila nilikuwa nayaita uvivu. Tangu kabla ya kiangazi kile ulikuwa unasema, "Nisomee hilo gazeti, miwani sijui nimeiweka wapi." Ulikuwa unamimina chai kidole kikiwa ndani ya kikombe. Sabina alipokuja likizo ndiye aliyekukazia macho, kisha akatuburuta sote wawili hospitali.

Daktari alikuwa kijana, mpole. "Shikamoo mzee. Hivi ni vidole vingapi?" Wewe ukajibu kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Vitatu." Mikono ya daktari ilikuwa mfukoni. Akanitazama mimi badala yako. Alisema ni presha ya macho, inaua taratibu bila maumivu, na macho haya, mama, ni miaka hayajaona mbali.

Miaka, Baba Sabina.

Tulipanda mlima umenishika bega. Nilikuuliza, "Kwa hiyo mwaloni ulikuwa hunioni?" Tulipanda mpaka nyumba ya mwisho kabla ya yetu. Ndipo uliposema, "Ningekuambia sioni, ningebaki na kazi gani?" Nilikuwa na maneno mengi mdomoni. Nilikuambia tu uangalie jiwe, kuna kona.

Miezi iliyofuata nilikaa nawe hapa juu, na siku ya kwanza tu nikajua lililobaki. Meli ya Ukerewe ilipiga honi, nawe ukasimama, ukainua mkono ukaunyoosha kuelekea sauti ilikotoka. Nikakuuliza unamsalimia nani. "Meli," ulisema. "Huwa naisalimia kila siku." Siku ile bandarini hukuniona, hukunizuia wala hukunisamehe. Ulikuwa unaisalimia meli. Nilitaka kukuambia, nikakutazama ulivyokuwa unatabasamu upande ambao meli ilikuwa imeshauacha, nikashindwa. Ukafa bila kujua kwamba siku moja nusura uisalimie ikiwa imenibeba.

Nimekukasirikia, nakiri. Nimekukasirikia hata wakati wa kukuosha. Kisha nakukumbuka na lile ganda refu la chungwa, na hasira inakosa pa kukaa.

Juma lililopita nilisema basi. Dada bado ananisubiri, Sabina ana maisha yake, wewe umepumzika. Nilifunga mfuko ule ule, nikashuka, nikafika kwenye ngazi ya meli. Kitambaa nilikuwa nimekivaa. Mkono ulikifunga wenyewe asubuhi. Honi ikalia. Nikajikaza nisigeuke, nikageuka. Jiwe lilikuwa tupu. Hapakuwa na mkono wala mtu, ni kunguru mmoja tu. Nilisimama nikilitazama jiwe hilo mpaka watu wote wakapita, na wale mabaharia wakavuta ngazi.

Nikapanda mlima. Jioni nilikaa mlangoni, nikanyoosha miguu, na nikasikia mtu anaongea. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nasema, taratibu kama wewe, "Leo ulikuwa na kazi nyingi, mama. Ulianika dagaa tangu asubuhi."

Lala salama huko uliko, na kama huko wanaona, tazama upande mwingine.

Mkeo,
Mama Sabina