Ubao wa Chini ya Sanamu

Mtaa wa Kongo,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
10 Machi, 1956

Mpendwa kaka yangu Onesphory,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo.

Kwanza nataka kujua hali yako, na lile goti lililokusumbua wakati wa Krismasi, kama sasa limekubali kukunjika. Clotilda hajambo? Watoto je? Yule ng'ombe mwenye doa alizaa salama? Sisi hapa hatujambo, ila joto la mwaka huu limetukausha mpaka tumekuwa wakali. Gaudens mume wangu ni mzima na duka linakwenda. Anakusalimu, ingawa mimi na yeye hatusemezani vizuri tangu juzi. Sababu yake inakuhusu wewe kuliko unavyodhani, kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Masika yaliyopita wanaume wawili walikufa kwenye baraza la soko. Walikuwa mahamali, mchana wanabeba mizigo ya watu, usiku wanajifunika magunia na kulala palepale, maana hawakuwa na chumba. Mvua iliwanyeshea wiki nzima. Hakuna aliyejua majina yao wala dini yao, na wazee wa msikiti wakawazika kwa huruma tu. Jambo hilo liliwauma wenye maduka. Wakakutana, wakaunda chama, wakamchagua Gaudens awe mwenyekiti, na wakaamua kusimamisha sanamu ya mti kwenye pembe ya baraza, mtu amelala, ili maskini wale wakumbukwe. Kazi akapewa Zahoro, fundi wa milango kule Mchikichini.

Maneno yakaanza siku hiyohiyo. Jirani yangu Zena, mwenye kuuza maandazi, alimfuata Gaudens mpaka dukani. "Walipokuwa hai hamkuwapa hata kona ya stoo. Leo wamekufa mnawachongea gogo! Gogo litakula?" Zaidi ya hayo dini yake haipendi sanamu za watu, basi alikuwa moto kwelikweli. Gaudens naye akamjibu kwamba watu wale walizikwa kama hawakuzaliwa, na heri gogo liseme kuwa walikuwapo kuliko kukaa kimya. Niliwasikiliza nikipima sukari. Nilimwona Zena ana haki, na mume wangu nikamwona ana haki.

Sasa sikia. Zahoro hajui kusoma wala kuandika. Chini ya sanamu panatakiwa ubao wenye maneno, na kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri (masista walinichapa vya kutosha kwa ajili hiyo), niliombwa nichore herufi, naye azifuate kwa patasi. Jumanne nikaenda kwake kuchukua kipimo cha ubao. Akaondoa gunia ili nione sanamu.

Kaka, niliinama kuitazama vizuri. Sura haikunishtua, maana uso ameuchonga kama wa mtu yeyote. Lakini mtu yule amelala ameketi, kichwa kimeinama upande, na kiganja cha kushoto kimefunika sikio. Nani mwingine duniani analala hivyo? Wewe unakumbuka sikio la mdogo wetu Anselmi lilivyokuwa likimtesa utotoni, na mama akimlaza kwa kumwekea mkono pale. Alipokua akawa anajiwekea mwenyewe.

Nikamwuliza Zahoro mtu huyu alimwona wapi, na kama ni mmoja wa wale waliokufa. Akasema hapana, wale hakuwahi kuwaona. Alikwenda sokoni alfajiri moja, akatazama waliolala, akamchagua huyu kwa sababu alipendeza kuchongwa.

Sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja sokoni, nikapita katikati ya magunia ya viazi nikiwatazama mahamali usoni mmoja mmoja, nao wakinicheka. Nikamwona. Ni yeye Anselmi, kitinda mimba wa baba yetu Mzee Kiwia, amebeba gunia la dengu na anakohoa. Nilipomwita jina lake hakushtuka. "Shikamoo, dada," akasema. Anajua duka letu tangu zamani. Kila akipata mzigo wa mtaa wetu, humwachia mwenzake. Wewe na mimi tulikuwa tukiambiana yuko kwenye mikonge ya Tanga.

Nililia mbele za watu na sikuona haya. Nikamwambia twende nyumbani sasa hivi. Akakataa. "Kwa baba kule Kilema nimefukuzwa, dada. Kwako nitaingia kama nani?" Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamtisha. Mkaidi kama wewe tu. Anasema ataingia nyumba ya ndugu siku wewe utakapompelekea jani la isale.

Sitaki kufukua ya siku ile ya matanga ya baba. Anselmi alidai umeisogeza mistari ya isale iliyopandwa mpakani ili ule sehemu ya kihamba chake, shamba aliloachiwa na baba, nawe ukamwambia mbele ya ukoo asikanyage pale tena. Nani alisema kweli mimi sijui. Nijualo ni kwamba jani la isale likifungwa fundo na kupelekwa kwa aliyekosewa kumwomba radhi, hakuna Mchagga wa kulikataa. Wewe hukulipeleka. Miaka yote hii, kaka, jani moja!

Nikafanya ujinga. Nilikwenda bustani ya misheni, nikachuma jani la mmea unaofanana na isale, nikalifunga fundo, nikampelekea na kusema limetoka kwako. Akaligeuza huku na huku. "Dada, hili lina ukingo mwekundu. Isale ya Wazungu hii?" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nami nilicheka, lakini nilivyojisikia moyoni najua mwenyewe.

Gaudens nilipomweleza alisikitika, kisha akainamisha kichwa, ndipo nikajua kuna jambo. Sanamu itafunuliwa Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya Matawi. Wageni wakubwa wamealikwa, na chama kimeomba baraza liwe safi. Siku mbili kabla ya hapo askari watakuja kuwaondoa wanaolala pale, na asiye na stakabadhi ya kodi atafungwa au atarudishwa bara. Anselmi hana stakabadhi. Fikiri, kaka: wanamfukuza mtu ili wapate mahali pa kuweka sanamu yake! Nilimwuliza Gaudens kama hiyo ndiyo kumbukumbu yao. Anasema yeye peke yake hawezi kuwazuia wenzake. Ndiyo maana hatusemezani.

Ukiniuliza sasa kama sanamu ina faida, nitakujibu kwamba bila hiyo nisingempata ndugu yangu. Hilo siwezi kulikana, na Zena nimemwambia. Lakini ikisimama pale naye yuko mahabusi, nitaichukia kila nikipita.

Ubao uko hapa mezani mbele yangu, haujaandikwa kitu. Maneno waliyonipa ni haya: KWA WALE WASIO NA KWAO. Siwezi kuyaandika. Anselmi ana kwao, nawe ndiye umekaa mlangoni.

Basi Benjamini, mpwa wa Gaudens, anapanda basi kesho na barua hii, na atakukabidhi mkononi. Njoo mwenyewe na isale kabla ya askari, nami nitaandika maneno ya chama kama walivyotaka. Usipokuja, nitaandika: ANSELMI, MTOTO WA KIWIA WA KILEMA, MDOGO WAKE ONESPHORY. Zahoro atafuata herufi zangu, hajui kusoma. Na watu wa Kilema wanaokuja Kariakoo kununua bidhaa unawajua walivyo wengi. Nitagombana na mume wangu na chama chote, na nitaandika.

Nisalimie Clotilda, na shangazi Theopista umwambie dawa ya macho nimempa Benjamini. Watoto wabusu. Mungu akulinde njiani, maana naamini utakuwa njiani.

Mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja,

Candida

Nyongeza: Ni asubuhi, Benjamini anasubiri. Nimetoka kumpelekea Anselmi uji, nikamwambia kuna mtu anakwenda nyumbani, je, ana neno kwako? Akamaliza uji kwanza, nikadhani atatukana. Kisha akasema, "Mwambie azibue mfereji wa juu. Mvua za kwanza huuziba, na maji yataingia ndani kwake." Hayo ndiyo maneno yake yote. Huku kwetu mvua imeanza alfajiri hii, na nguo zake zilikuwa zimelowa.