Siku Afisa wa Nyumba Alipokuja

Jumatano, baada ya Isha. Timbwani.

Na kosa ni letu wenyewe. Kusikia afisa wa nyumba za kaunti anakuja kuona ninapolala, Bi Zuhura, mwenye baraza hili, akanitandikia mkeka wake wa arusi, akaleta mito, akafukiza udi. "Mgeni hapokewi juu ya maboksi, dada."

Afisa akatazama baraza, akatazama na magongo yangu. "Mashallah, mama, kumbe una pako pazuri! Nyumba tumpe anayelala nje."

Kusema vitu si vyangu ni kumfedhehesha Bi Zuhura, naye kasimama pale na birika la chai. Nikamkaribisha afisa chai.

Magharibi Bi Zuhura alirudisha mkeka ndani, akafunga mlango. Nimelalia maboksi yangu, na udi bado wanukia.

Ya Rabbi, Wewe wajua ninapolala. Mjulishe na yule afisa.